Karanga Kwenye Chungu cha Bi Eufrasia

Nereida alinusa moshi kabla hajauona, na simu ikamponyoka ikaangukia kwenye beseni la vitunguu.

"Haloo? Mke wangu, upo?" Sauti ya Heriberto ilikuwa bado inacheka humo ndani ya vitunguu. Mumewe huyo alikuwa pwani na lori lake la matikiti, na alikuwa anamsimulia kisa cha askari wa barabarani aliyedai tikiti la bure, akachaguliwa lililooza. Nereida alikuwa amecheka mpaka akasahau mkono wake ulikuwa unakoroga nini. Sasa alitazama kile kikaango cha udongo. Mbegu za maboga zilizokuwa nono na za kijani dakika chache nyuma zilikuwa zimegeuka nyeusi tii, zinafuka moshi. Zote. Mfuko mzima wa Alhamisi.

"Mama yangu mzazi," alisema, akakaa chini sakafuni palepale.

Haya, mtu asiyejua pozole atasema, mbegu tu hizo, kwani amekufa mtu? Asithubutu kulisema hilo kwetu Tlalixpa. Kwetu Alhamisi ni siku ya pozole ya kijani, na pozole ya kijani ni mahindi meupe yaliyochemshwa na chokaa, yakamenywa, yakachemshwa tena mpaka yakachanua kama maua. Ni kichwa cha nguruwe kilicholainika kikaachia mifupa. Ni majani ya harufu. Na ni mbegu za maboga zilizokaangwa na kusagwa juu ya jiwe mpaka zitoe mafuta. Ukiziondoa mbegu, hapo umepika supu ya wagonjwa.

Na chungu chenyewe hakikuwa cha Nereida. Kilikuwa cha mavyaa wake, Bi Eufrasia, mama yake Heriberto, ambaye mji mzima ulikula mkononi mwake kila Alhamisi, na kila mwaka sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ilipikwa naye na si mwingine. Mama huyo alikuwa na mdomo, jamani. Mwaka uliopita Nereida alibadilisha pilipili, akatia aina nyingine kwa sababu ile ya kawaida ilikuwa imekwisha sokoni. Pilipili tu! Bi Eufrasia alionja, akatema, akakibeba kile chungu kwa mikono yake miwili akakimwaga barabarani, mbwa wa mtaa wakafanya harusi. Kisha akamwambia Heriberto mbele ya wateja: "Mkeo akibadilisha tena kitu kwenye chungu changu, yeye na nguo zake watarudi kwao pwani. Na wewe ukitaka, mfuate."

Heriberto alikuwa amenyamaza. Ndilo lililomuuma Nereida zaidi.

"Nereida!" Jirani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Unachoma nini huko, kanisa?"

"Ni kuni mbichi, jirani!"

"Kuni mbichi hazinuki hivyo, shoga!"

Nereida akageuka kukitazama chumba cha mavyaa wake, ng'ambo ya kiua. Mlango ulikuwa wazi. Bi Eufrasia alikuwa ndani anasuka nywele zake, anajiandaa kwa wageni; leo tu alikuwa amemwachia Nereida amalizie chungu ambacho mwenyewe alikwisha kukitia chumvi, na moshi ulikuwa unapita mlangoni kwake wazi wazi. Nereida alingoja ukelele. Alingoja kandambili impige mgongoni. Wapi! Mama alikuwa anajiimbia wimbo wa kanisani, taratibu. Nereida akapiga ishara ya msalaba, akazibeba zile mbegu zilizoungua akazifukia kwenye jivu. Aliona ni bahati tu.

Lakini bahati haijazi chungu. Alikimbia dukani, hakuna mbegu. Msimu ulikuwa umekwisha. Maboga mapya yalikuwa bado mashambani, na daraja la kwenda mji wa jirani mto ulilizoa tangu Jumapili. Akabisha kwa majirani, wote wakamcheka: nani ana mbegu mwezi wa tisa? Na leo si Alhamisi ya hivi hivi. Leo mdhamini wa sikukuu, Bwana Crescencio, alikuwa anakuja na mkewe kuonja, kama ilivyo desturi, ndipo atangaze nani atapikia mji mzima siku ya Mtakatifu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Pale dukani, kando ya sabuni, palikuwa na gunia la karanga.

Kwao Nereida, kule pwani, mama yake alitia karanga karibu kwenye kila kitoweo, na Bi Eufrasia hakuacha kumkumbusha hilo. "Ninyi watu wa pwani," angesema, "mngeweza, mngetia karanga hata kwenye maji ya ubatizo." Nereida alijua kabisa kwamba karanga si mbegu za maboga. Hakuwa mjinga. Lakini alijiambia kwamba akizikaanga kidogo tu, akizidisha majani ya kijani, akazidisha na pilipili, labda. Mtu akiwa na hofu, labda humtosha.

Akakaanga, akasaga mpaka mabega yakamwaka, akachanganya, akamimina chunguni. Rangi ilikubali. Kijani safi, kizito, mafuta yakielea juu. Kisha akaonja. Ilikuwa karanga. Karanga tupu, karanga mwanzo na karanga mwisho. Hata mtoto wa miaka miwili angeijua.

"Liwalo na liwe," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamwambia mwenyewe kabla hawajafika. Nitapiga magoti."

Alifuta mikono kwenye aproni, akavuka kiua, na ndipo aliposikia mlango wa mbele ukigongwa. Bwana Crescencio alikuwa amewahi.

Watu wa heshima wanaowahi ni balaa. Nereida alibaki katikati ya kiua, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, huku mavyaa wake akimpita na nywele zake zilizosukwa na shali yake mpya. "Unasimama kama mlingoti wa nini? Chota, mwanangu! Wageni hawali upepo."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wateja wa kila Alhamisi walikuwa wamekwisha kukaa, Mzee Eleuterio pale pale pembeni penye kiti chake, chupa ndogo ya pombe ya mkonge mbele yake na ndimu zilizokatwa. Bwana Crescencio alivua kofia yake akaiweka gotini. Alikuwa mtu mpole, mwuza mbao, na mwaka huu ilikuwa zamu yake kuulisha mji, jambo ambalo mtu hulipata mara moja maishani. Mkewe, Bi Otilia, hakuwa mpole hata kidogo.

Desturi yetu ni hii: mpishi huonja kwanza, mbele ya mdhamini, na lazima aseme kimepungua nini. Hata kama hakikupungua kitu. Mpishi asiyeona upungufu wa chungu chake ni mwongo au ana majivuno, na wala hapewi sikukuu. Kwa hiyo Nereida alitoka jikoni na bakuli mkononi, akamkabidhi mavyaa wake.

Basi, alijiambia. Sasa ananitemea usoni. Sasa chungu kinakwenda barabarani na mimi nyuma yake.

Bi Eufrasia alichota kijiko kilichojaa. Akapuliza. Akatia kinywani, akafumba macho kama padri, akatafuna yale mahindi polepole. Akameza.

"Imepungua chumvi," alisema. "Kidogo. Chembe mbili." Kisha akafungua macho, akamtazama Nereida, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu huyo binti aolewe. Alitabasamu. "Lakini mbegu, loo! Bwana Crescencio, onja mbegu hizo. Mkamwana wangu kazikaanga leo hasa. Naona mtu wa pwani naye amejifunza."

Nereida hakuelewa. Alidhani kwanza ni kejeli, kwamba mama anamchezea kama paka anavyomchezea panya. Akangoja kicheko, halafu tusi. Havikuja. Bi Eufrasia alikuwa anampangusia Bi Otilia meza kwa pindo la shali yake, ametulia, amefurahi.

Hajui, Nereida aliwaza. Yesu na Maria. Mama hajui amekula nini.

Na hapo mambo yote yakamwangukia kwa pamoja. Moshi ule wa asubuhi uliopita mlangoni kwake. Homa ile ya mwaka jana wakati wa mvua, iliyomlaza chini wiki nzima, na tangu hapo hakutaka mtu yeyote aguse chungu wala asimame karibu anapotia chumvi. Anavyopima kila kitu kwa kiganja cha mkono, yeye aliyekuwa akipika kwa ulimi tu.

"Wape wageni!" Bi Eufrasia alisema.

Angefanya nini? Akawapa. Bwana Crescencio akakamua ndimu, akanyunyiza majani makavu kwa vidole, akala kijiko cha kwanza. Akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe. Pembeni Mzee Eleuterio naye alikuwa ameonja bakuli lake, na kijiko kikamtoka mkononi kikaanguka sakafuni, wala hakuinama kukiokota.

Bi Otilia ndiye aliyesema, na nani mwingine? "Hii ni karanga."

Bi Eufrasia akacheka. "Karanga? Nyumbani kwangu? Bi Otilia, leo umeanza mapema na ile chupa ya Mzee Eleuterio."

"Mama," alisema Mzee Eleuterio, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Ni karanga."

Kicheko cha Bi Eufrasia kilibaki mdomoni, kimekauka. Alitazama sura za watu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mwisho alimtazama Nereida. Na Nereida akaona hofu katika macho ya mwanamke ambaye hakudhani kama anaijua hofu.

"Sasa hebu tuelewane," Bwana Crescencio alisema, ameaibika kuliko wote. "Bi Eufrasia umeonja. Mbele yetu. Umesifu mbegu za maboga. Ni mbegu zipi hizo?"

Nereida alimwona mavyaa wake akifungua kinywa na kukifumba. Mama huyu alimtesa, wacha tuseme ukweli. Alimtesa kwa maneno, alimtesa kwa pilipili, alimtesa kwa ukoo wake wa pwani. Mtu mwingine angekaa kimya na kulifurahia lile jambo. Nereida mwenyewe baadaye hakuweza kueleza kwa nini mdomo wake ulifunguka.

"Ni kosa langu!" alisema. "Bakuli la mama nilichota kwenye chungu kidogo. Kile alichopika mwenyewe, chenye mbegu. Hiki kikubwa nimekiharibu mimi. Mbegu niliziunguza nikiongea na simu, nikatia karanga, nikanyamaza. Mama hana habari."

Ulikuwa uwongo mzuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Ukumbi ukapumua. Watu wakaanza kunong'ona, na mtu fulani karibu na dirisha akasema, "Si nilisema? Watu wa pwani hao!"

"Tazama sasa," Bi Otilia akasema, amesimama, kidole hewani. "Binti, huna haya? Wiki moja kabla ya Mtakatifu!"

Bwana Crescencio aliinua mkono. Sura yake ilikuwa imetulia. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake. "Basi, basi. Bi Eufrasia, sikukuu ni yako kama kila mwaka, hilo halina mjadala. Lakini huyu binti asiguse chungu cha Mtakatifu. Asionekane jikoni kabisa. Nikimwona, naondoka na mahindi yangu, naenda kumtafuta mpishi mwingine. Unakubali?"

Yaani ilikuwa imekwisha. Bi Eufrasia alichohitaji ni kusema ndiyo. Sikukuu yake, jina lake, chungu chake, na mkamwana asiyemtaka amejiondoa kwa mdomo wake mwenyewe. Hata Nereida aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, na akasikia machozi yakimjaa, kwa sababu alijua neno lililofuata.

"Vua hiyo aproni," Bi Eufrasia alimwambia.

Nereida akaifungua. Fundo lilimkatalia, na hakuna aliyemsaidia. Aliikunja akaiweka mezani. Alikuwa anawaza nguo zake, sanduku liko wapi, lori la Heriberto litarudi lini, na kama Heriberto atanyamaza tena.

Bi Eufrasia aliichukua ile aproni. Akaitazama. Kisha akavuta bakuli la chumvi lililokuwa katikati ya meza, chumvi ya mawe, akachota kiganja kizima, na mbele ya mdhamini na mkewe na mji mzima akaitia yote kinywani.

"Mama!" Nereida alipiga kelele.

Mtu mwingine angetapika. Mtu mwingine angekunja uso, angetema, angeomba maji. Bi Eufrasia alitafuna. Tulimsikia akitafuna, chumvi ikilia kwenye meno yake kama changarawe. Macho yake hayakuchezacheza hata kidogo. Alimumunya kama mtoto anavyomumunya peremende, akameza, akapangusa mdomo kwa ile aproni.

"Bi Otilia," alisema, "wewe una ulimi mzuri. Hebu niambie nimekula nini."

Bi Otilia alikuwa amekishika kifua chake kwa mikono miwili. "Chumvi," alisema. "Umekula chumvi, Bi Eufrasia."

"Ahsante. Mimi nisingejua." Akalirudisha bakuli mahali pake. "Hakuna chungu kidogo. Nenda katazame jikoni, Crescencio, chungu ni kimoja. Nimekula karanga nikasifu mbegu. Tangu homa ile ya mwaka jana sinusi kitu, sisikii ladha ya kitu. Chumvi, sukari, damu ya Yesu, yote kwangu ni mchanga. Ninyi mmekula mikono yangu na macho yangu mwaka mzima, na mkasema ahsante. Na huyu binti niliyemnyanyasa kajitupa motoni sasa hivi ili mimi niendelee kuwaongopea."

Nereida aliwahi kuona mto ukizoa daraja, na aliwahi kuona lori likipinduka, lakini hili lilimshtua kuliko yote, mwanamke huyu kusimama na kujivua mwenyewe mbele za watu wakati mlango wa kutokea ulikuwa wazi.

"Na sikukuu?" Bwana Crescencio aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mpe umtakaye. Lakini asiniambie mtu kwamba mkamwana wangu asionekane jikoni kwangu. Jikoni kwangu nasema mimi."

Bwana Crescencio alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alisema itabidi azungumze na kamati. Bi Otilia alimfuata mlangoni. Wateja wengine wakatoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga, na mpaka jioni mji wote ulikuwa umelipata, umeliongezea chumvi zaidi ya ile iliyoliwa. Mzee Eleuterio peke yake alimaliza bakuli lake mpaka chini, akaokota kijiko chake, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Bi Eufrasia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mdhamini, aproni mapajani, anakunywa maji. Alikunywa bilauri nzima, akajimiminia nyingine; chumvi haina utani hata kwa asiyeisikia. Bila ukali wake alionekana mdogo, na mzee.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Nereida aliuliza. Alikuwa analia sasa waziwazi. "Ningekuonjea. Mwaka mzima ningekuonjea!"

"Ningekwambia niwe nani? Mama anayeomba ulimi wa mkamwana?" Aliguna. "Nilikuwa naogopa ukikaribia chungu utajua. Ndiyo maana nilikufukuza kila mara. Sikuwa na sababu nyingine. Pilipili ile ya mwaka jana, wala sikujua kama ni nyingine. Nilikuona tu unaitia."

Nereida alimkodolea macho. Chungu kizima kilichomwagwa barabarani, machozi yote yale, na mama hakuonja kitu!

"Usinitazame hivyo. Kaa." Bi Eufrasia alilisukuma mbele yake lile bakuli la wageni lililokuwa limepoa, kijiko kikiwa ndani. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, ya mtu anayeomba na hajazoea kuomba. "Kula kidogo. Kisha uniambie ikoje. Usinifiche, nimechoka kufichwa na kuficha. Ina ladha gani?"

Nereida akachota, akala. Akafikiri sana, kwa sababu hakuwahi kuulizwa swali kubwa kiasi hicho.

"Mbaya, mama," alisema. "Nzito. Inaanza na ndimu, halafu nguruwe anakuja vizuri, halafu karanga inawafukuza wote inakaa peke yake. Tamutamu, kama uji wa mtoto mgonjwa."

Bi Eufrasia alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu, midomo yake inasogea kama naye anatafuna.

"Na mahindi?" aliuliza. "Niambie mahindi."

"Mahindi yamechanua vizuri, mama."

"Endelea," alisema Bi Eufrasia, na akaushika mkono wa Nereida uliokuwa na kijiko, akauelekeza tena kwenye bakuli.